Amana ya Mapigo: Gitaa la Brazil katika Jazi ya Australia

Muziki unapohama kutoka kwa watu walioutunga na kufika kwa watu wasioshiriki nao lugha, dini wala historia, swali la kwanza linaloikabili falsafa ya muziki ni swali la umiliki: je, mdundo una mwenyewe? Swali hili ni jepesi linapohusu kitu kinachoshikika, kwa kuwa anayetwaa gitaa la jirani humwacha jirani bila gitaa. Anayetwaa mapigo ya jirani humwacha jirani huyo na mapigo yake yote, kamili kama yalivyokuwa, na hata hivyo jirani anaweza kuona, bila kukosea, kwamba amepokonywa kitu. Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia mfano ambao haujazungumzwa sana kwa Kiswahili, yaani jinsi muziki wa Brazil ulivyoingia katika gitaa la jazi la Australia na katika rekodi za wanamuziki wa nchi hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba mdundo si mali ya kufungiwa kabatini, wala si hewa ambayo kila apitaye huivuta bila kushukuru; mdundo ni amana, kitu kilichomo mikononi mwa mtu huku kikiwa na mwenyewe, ambacho aliyekipokea anapaswa kukitunza, kukitambua asili yake na kuwa tayari kuulizwa habari zake.

Hoja hii haiwezi kueleweka bila kwanza kueleza ni kitu gani hasa kilichosafiri. Mwaka 1958 mjini Rio de Janeiro, João Gilberto, mpiga gitaa na mwimbaji aliyezaliwa Juazeiro katika jimbo la Bahia mwaka 1931, alirekodi wimbo uitwao "Chega de Saudade", uliotungwa na Antônio Carlos Jobim kwa maneno ya mshairi Vinicius de Moraes, na katika rekodi hiyo kukasikika namna mpya ya kupiga gitaa iliyokuja kuitwa bosanova. Upya wake ulikuwa katika mgawanyo wa kazi ndani ya mkono wa kulia. Kidole gumba kilishika sauti za chini kwa mwendo usiotetereka, kikifanya kazi ya surdo, ngoma kubwa inayobeba uzito wa samba, na vidole vitatu vinavyofuata vikazidonoa nyuzi za juu kwa pamoja, katika nafasi ambazo sikio halizitarajii, vikifanya kazi ya tamborimu, kigoma kidogo chenye sauti kali kinachopigwa kwa kijiti. Gitaa moja la nyuzi za nailoni, lililopigwa kwa sauti ya chini kando ya mwimbaji aliyeimba kama anayenong'ona, likawa limebeba ndani yake kundi zima la ngoma za mtaani.

Mpiga gitaa wa jazi aliyelelewa katika mkondo wa Marekani alikuwa mtu wa malezi mengine kabisa. Tangu Charlie Christian alipojiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 na kulifanya gitaa la umeme liwe ala ya kuongoza, gitaa la jazi lilikuwa chombo cha nyuzi za chuma, kilichopigwa kwa kibao kidogo kinachoshikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, na mwendo wake ulikuwa ule wa kuyumba ambamo noti mbili zilizoandikwa sawa hupigwa ya kwanza ikiwa ndefu na ya pili fupi. Samba haiyumbi hivyo, kwa kuwa noti zake zinakaribia kulingana na uhai wake unatokana na mahali mkazo unapoangukia. Kwa hiyo yeyote wa Sydney au Melbourne aliyetaka kuingia katika muziki huu kwa dhati hakuweza kuuongeza juu ya ujuzi wake kama mtu anavyoongeza wimbo mmoja kwenye orodha. Ilimbidi aweke kibao chini, abadili nyuzi, na aufundishe mkono wake utii mpya.

Hapa ndipo swali la muziki linapokutana na swali la maadili. Aristotle, alipotaka kueleza jinsi mwanadamu anavyopata wema, alitoa mfano wa mpiga kithara, ala ya nyuzi ya Wagiriki ambayo jina lake ndilo lililozaa neno gitaa. Alisema kwamba mtu huwa mpiga kithara kwa kuipiga kithara kama vile mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kisha akaongeza onyo ambalo wengi hulisahau, kwamba ni katika kuipiga huko huko ndiko wapigaji wabaya hupatikana pia, kama wamezoea vibaya. Mazoea, kwa maana hii, ni tabia inayojengwa mwilini tendo kwa tendo hadi ikawa asili ya pili. Ikiwa Aristotle yuko sahihi, basi umiliki wa mdundo hauwezi kuwa suala la kuzaliwa peke yake, kwa kuwa hata mtoto wa Bahia hakuzaliwa na samba vidoleni. Alijifunza kwa kutenda, ila alijifunza mapema, katikati ya watu waliomsahihisha alipokosea bila hata kujua kwamba wanamsahihisha.

Mwanamuziki wa Australia hakuwa na watu hao. Kutoka Sydney hadi Rio de Janeiro ni zaidi ya kilomita 13,000, na kilichouvuka umbali huo kwanza kilikuwa santuri, nyingi zikiwa zimepitia Marekani. Mnamo Februari 1962, katika ukumbi wa kanisa la All Souls mjini Washington, mpiga saksafoni Stan Getz na mpiga gitaa Charlie Byrd, aliyekuwa ameusikia muziki huo katika ziara yake ya Amerika ya Kusini mwaka uliotangulia, walirekodi albamu iitwayo Jazz Samba, ambayo mwaka 1963 ilifika nafasi ya kwanza katika chati ya albamu ya jarida la Billboard. Katika kundi lililoirekodi albamu hiyo hakukuwa na Mbrazil hata mmoja. Mwaka 1964 ikatoka albamu ya Getz/Gilberto, ambamo João Gilberto mwenyewe anapiga gitaa, Jobim anapiga piano na Astrud Gilberto anaimba, na kupitia kwayo wapiga gitaa wengi wa dunia inayozungumza Kiingereza waliusikia mkono wenyewe badala ya mwangwi wake.

Santuri ni mwalimu wa ajabu, kwa kuwa hurudia somo mara elfu bila kuchoka na bila kumwonea mwanafunzi, lakini haimsikilizi. Mwanafalsafa wa Ujerumani Walter Benjamin, katika makala aliyoyaandika katikati ya miaka ya 1930 kuhusu kazi za sanaa katika zama za kunakiliwa kwa mashine, alidai kwamba nakala huipokonya kazi ya sanaa upekee wa kuwapo mahali pamoja na wakati mmoja, upekee ambao asili yake, kwa maoni yake, ilikuwa katika ibada. Dai hilo lina ukweli mkubwa kwa gitaa la Brazil, ingawa hasara yenyewe ni ya aina nyingine. Santuri huihifadhi sauti na kuuficha mwili: haionyeshi kifundo cha mkono kilivyolegea, wala watu waliokuwa wakicheza mbele ya mpigaji, wala jicho la mzee aliyekunja uso pigo lilipopotea njia. Mfano mmoja unatosha. Katika samba, ambayo huhesabiwa kwa mapigo mawili, surdo huweka uzito wake kwenye pigo la pili, ilhali vitabu vya nyimbo za jazi vilizoea kuandika bosanova kwa hesabu ya mapigo manne, na mtu asiyewahi kuisikia surdo ikitikisa mtaa hushawishika kuliwekea uzito pigo la kwanza. Noti zote zinakuwa sahihi, na samba haipo.

Ni katika hali hii ndipo kazi ya Don Burrows na George Golla inapopata maana yake ya kifalsafa. Burrows, aliyeishi kutoka mwaka 1928 hadi 2020, alikuwa mpigaji wa klarineti, filimbi na saksafoni, na alishiriki kuyasimamisha masomo ya jazi katika chuo cha muziki cha Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970. Golla, mpiga gitaa aliyefanya naye kazi kwa miongo kadhaa, alizaliwa Poland mwaka 1935 na kuhamia Australia akiwa kijana. Nyimbo za Brazil zilikuwa sehemu ya hazina yao, na Burrows hakuridhika na kuzipokea kutoka kwenye santuri, kwani aliingia katika ushirikiano na Luiz Bonfá, mpiga gitaa wa Rio aliyeutunga wimbo wa "Manhã de Carnaval" kwa ajili ya filamu ya Orfeu Negro ya mwaka 1959, na tunda la ushirikiano huo ni albamu iitwayo Bonfá Burrows Brazil. Mpangilio wa maneno hayo matatu unastahili kutazamwa, kwa kuwa mwenyeji ametajwa kwanza, mgeni akafuata, na nchi iliyowakutanisha ikaitwa kwa jina lake. Jina la albamu laweza kuwa shughuli ya biashara tu, lakini laweza pia kuwa kauli ya kukiri deni, na katika ulimwengu ambao Jazz Samba iliwezekana bila Mbrazil katika kundi, kauli hiyo si ndogo.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote dhidi ya wazo la amana linatoka Brazil kwenyewe. Mwaka 1928 mwandishi Oswald de Andrade wa São Paulo alitoa ilani yake ya ulaji watu, ambamo alilichukua tusi ambalo Wazungu waliwatupia wenyeji wa Amerika na kuligeuza kuwa falsafa ya utamaduni: Brazil, alidai, haina haja ya kuiga wala kukataa vya wageni, kwa kuwa inavila, inavimeng'enya na kuvifanya mwili wake. Bosanova yenyewe ni tunda la ulaji huo, kwani kodi zake, yaani noti kadhaa zinazolizwa kwa pamoja ili kuubeba wimbo, zimechota katika muziki wa Ulaya na katika jazi ya Marekani, kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 Carlos Lyra, mmoja wa watunzi wa bosanova, alitunga wimbo wenye jina la "Influência do Jazz" kulalamikia jinsi jazi ilivyokuwa ikiipinda samba. Ikiwa Mbrazil ameila jazi, pingamizi linasema, kwa nini mpiga jazi wa Australia asimle Mbrazil, na deni linatoka wapi mahali ambapo kila mtu ameshamla mwenzake?

Pingamizi hili huzidi makali mtu akirudi nyuma zaidi. Samba haikuanzia kwa watunzi wa ufukwe wa Ipanema mjini Rio. Iliundwa na kizazi cha Waafrika waliopelekwa Brazil kwa nguvu, zaidi ya milioni 4 katika muda wa karne tatu hivi, katika nchi ambayo haikufuta utumwa hadi mwaka 1888. Wengi wao walitoka Kongo na Angola, na wengine Msumbiji, yaani katika eneo la lugha za Kibantu ambazo Kiswahili ni ndugu yao. Wataalamu wengi hulihusisha jina samba na neno semba la Kimbundu, na katika mkondo wa kandomble, dini ya Kiafrika ya Brazil, unaojitambulisha kwa jina la Angola, ngoma za ibada huitwa ngoma hadi leo. Msomaji wa Kiswahili anapolisikia neno hilo likitoka Bahia hahitaji kutafsiriwa kitu. Basi mwenye amana ni nani: Gilberto, au wazee wa Rio waliocheza samba nyuani kabla yake, au mababu ambao majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa katika daftari za mizigo ya meli?

Kwame Anthony Appiah, mwanafalsafa mwenye asili ya Ghana na Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu maadili ya kuishi na wageni, ametetea mchanganyiko wa tamaduni na kuonya dhidi ya ndoto ya utamaduni safi usioguswa na wengine. Onyo hilo ni la haki, lakini halifuti deni, na kosa la wanaolitumia kulifuta ni kudhani kwamba deni linahitaji mwenyewe mmoja aliye safi. Mambo hayako hivyo hata katika maisha ya kawaida. Mtoto aliyelelewa na nyumba nne za mtaa mmoja hana mlezi mmoja wa kumshukuru, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo hadaiwi shukrani na yeyote. Kinyume chake, anadaiwa na nyumba zote nne. Mchanganyiko huzidisha wadai. Mpiga gitaa wa Sydney anayeicheza bosanova amepokea kitu kilichopita katika mikono mingi, baadhi yake ikiwa imefungwa minyororo, na kadiri anavyoijua njia hiyo ndivyo mzigo wa heshima unavyokua mikononi mwake.

Zipo pia amana ambazo uzito wake ni wa dini moja kwa moja, na hapo swali huwa gumu zaidi. Mwaka 1966 Baden Powell, mpiga gitaa mkubwa kuliko wengi waliowahi kutokea Brazil, na Vinicius de Moraes walitoa albamu ya Os Afro-Sambas, ambayo nyimbo zake zinawataja na kuwaheshimu maorisha, viumbe watukufu wa kandomble, akiwamo Ossanha, mwenye siri ya majani na dawa. Mapigo ya gitaa katika nyimbo hizo yanafuata mapigo ambayo kwa waumini huita roho zishuke. Tangu wakati huo nyimbo hizo zimeingia katika hazina ya wapiga gitaa wa dunia nzima na kupigwa bila maneno, kama mahali pa kuonyesha wepesi wa vidole. Baden Powell mwenyewe, aliyefariki mwaka 2000, alijiunga na Ukristo wa kiinjili katika miaka yake ya mwisho, na baada ya hapo hakuweza tena kuzitamka kwa moyo mweupe salamu za maorisha zilizomo katika nyimbo zake. Mtu aweza kuuona uamuzi huo kuwa hasara kwa muziki, lakini kwa upande wa swali linalochunguzwa hapa ni ushahidi mzito: aliyezitunga nyimbo hizo aliamini kwamba bado zinasema kitu, kwamba jina linapotajwa lina anayeitwa. Mpigaji asiyeamini chochote katika hayo halazimiki kuamini ili azipige, ila analazimika walau kujua kwamba anapita katika ua wa nyumba ya ibada, na mtu anayejua hivyo hupita kwa hatua nyingine.

Jambo la kushangaza ni kwamba Australia haikuhitaji kusafiri mbali kulipata fundisho hili. Kwa Wayolngu wa Arnhem Land, kaskazini mwa nchi hiyo, nyimbo ziitwazo manikay ni za koo maalumu, zimefungamana na ardhi maalumu na matendo ya mababu walioiumba, na kuziimba ni haki inayoambatana na wajibu. Hakuna ajiitaye mtunzi wake, na hakuna azichukuaye kwa sababu tu amezisikia. Wanamuziki wa jazi wa Australian Art Orchestra walipoanza, katika miaka ya 2000, kufanya kazi na waimbaji wa ukoo wa Wägilak wa Ngukurr katika mradi wa Crossing Roper Bar, waliingia kwa idhini ya wenye nyimbo na kwa kufuata uongozi wao. Mfumo huo wa kale hautenganishi kuimba na kujua ni kwa ruhusa ya nani mtu anaimba. Haiwezekani kuuhamisha ulivyo na kuutumia kwa bosanova, ambayo ilitungwa ili iuzwe na kusikika redioni, lakini unaonyesha kwamba wazo la wimbo kuwa amana lina mizizi mirefu katika ardhi ile ile ambayo wapiga jazi wa Sydney na Melbourne wanaikanyaga kila siku.

Amana, basi, hutimizwaje na mtu ambaye hakuzaliwa ndani yake? Jibu linalotokana na mifano hii ni kwamba hutimizwa kwanza kwa mwili na kisha kwa ulimi. Kwa mwili, kwa sababu heshima isiyofika kwenye kidole gumba ni maneno matupu: anayesema anaipenda Brazil huku uzito wa pigo ukianguka mahali pasipo pake hajaipokea bado. Mfano mzuri wa utii wa namna hii ni Doug de Vries wa Melbourne, ambaye kwa miaka mingi amejitolea kwa gitaa la Brazil na kwa choro, muziki wa ala uliozaliwa Rio katika karne ya 19, ambao umelilea gitaa la nyuzi saba lenye waya wa ziada upande wa chini. Kazi ya gitaa hilo, kama ilivyokamilishwa na mabwana kama Horondino Silva aliyejulikana kwa jina la Dino 7 Cordas, ni kutunga papo kwa papo mistari ya sauti za chini inayojibizana na wimbo, na haiwezekani kujifunza kazi hiyo kikamilifu kutoka kwenye santuri, kwa kuwa kiini chake ni kumjibu mtu aliyeketi karibu. Kwa ulimi, kwa sababu rekodi ina mahali pa kuandika majina, na jina lililoachwa hapo huachwa kwa muda mrefu kuliko maisha ya walioliacha.

Miti yenyewe inashuhudia udugu ambao binadamu huusahau. Mengi ya magitaa bora ya zamani yalijengwa kwa jakaranda ya Bahia, mti ulioadimika kiasi kwamba tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa imezuiwa kwa mkataba, na klarineti, ala ya Burrows, kwa kawaida huundwa kwa mpingo unaovunwa Tanzania na Msumbiji. Wataalamu wa mimea wameiweka miti hiyo miwili katika jenasi moja, Dalbergia. Klarineti na gitaa zinapokutana katika rekodi moja, iwe Rio au Sydney, ni ndugu wawili wa msitu waliotenganishwa na bahari wanaozungumza tena, ingawa aliyezishika huenda hana habari.

Kupiga vizuri peke yake hakuimalizi amana, kama vile anayetunza vizuri mali ya yatima hageuki kuwa baba yake. Kigezo cha kuzaliwa kingemnyima George Golla kila kitu, kwa kuwa Mpolandi wa Australia asingekuwa na haki ya jazi ya Marekani wala ya samba, na huenda asingebakiwa na muziki wowote ila ule wa mji aliouacha akiwa kijana. Nacho kigezo cha uhuru kingempa kila kitu bila kumdai chochote. Kigezo cha amana humpa vyote isipokuwa hati ya umiliki, na kwa mwanamuziki hiyo ndiyo hali ya heshima zaidi kuliko zote. Hesabu yake hufanyika pale mwenyeji anapoketi kando ya mgeni na kuanza kupiga, na surdo isiyokuwapo ikasikika katika pigo la pili kutoka kwa wote wawili, bila yeyote kati yao kulazimika kupunguza mwendo ili amngoje mwenzake.